Kiti Chako Baa Kimekwenda Wapi?

Mlipokuwa wanafunzi mlikaa meza moja. Sasa mwenzako anakwenda peke yake na wewe unamsubiri nyumbani. Mhariri wako anauliza: hapo katikati kimetokea nini?

Tuongee ukweli, mpenzi msomaji. Kama umesoma chuo Dar es Salaam, au mpenzi wako amesoma huko, ipo baa moja ya mtaani mnayoijua vizuri kuliko maktaba. Haina jina kubwa. Ina viti vya plastiki, mwembe mmoja, jiko la nyama choma pembeni na mhudumu anayeuliza swali lile lile kila siku: "Ya baridi au ya moto?" Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kukaa na mtu tunayempenda saa tatu nzima bila kufanya chochote zaidi ya kuongea.

Halafu inakuja ndoa. Inakuja kodi ya nyumba, inakuja kazi ya saa mbili asubuhi, anakuja mtoto. Na taratibu, bila kikao wala tangazo, mmoja wenu anaacha kwenda. Mara nyingi ni mwanamke. Yule mwingine anaendelea, "mara moja moja tu, kuonana na washkaji." Baada ya miaka miwili baa ile iliyowakutanisha inakuwa ndiyo chanzo cha ugomvi kila Ijumaa.

Barua za wasomaji kuhusu jambo hili zimeshanichosha macho. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: nifanye nini ili aache baa? Mimi leo nataka kuuliza tofauti. Je, tatizo ni baa, au ni kile kiti cha pili ambacho siku hizi kinakaa mtu mwingine?

Mlimani na majirani zake

Kwanza tuipe baa heshima yake. Chuo chetu kilianza mwaka 1961 pale mtaa wa Lumumba, katikati ya jiji, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Wakati ule kule juu palikuwa ni mbali na mji. Mwanafunzi aliyetaka kunywa soda nje ya macho ya walimu alikuwa na safari.

Mji ukamfuata. Miaka ya 1970 ulikuja mradi wa kupima viwanja uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapata viwanja na barabara za mitaa. Watu wakajenga. Aliyekuwa na kiwanja kizuri kando ya barabara akaweka friji barazani na meza nne uwanjani, na hapo grosari imezaliwa. Mwenge, Ubungo, Msewe, Changanyikeni, Makongo na Survey nazo zikakua hivyo hivyo, zikikizunguka chuo pande zote. Leo mwanafunzi wa Mlimani akishuka upande wowote wa kilima, hakosi sehemu ya kukaa.

Na msidhani kwamba baa hizi ni za kulewa tu. Mwaka 1978 ilianzishwa bendi iliyochukua jina la baa iliyokuwa ikipiga, Mlimani Park. Ndiyo hiyo, Mlimani Park Orchestra, Sikinde Ngoma ya Ukae! Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule na wenzao waliimba mapenzi, ndoa, wakwe na talaka, na watu wazima wakasikiliza huku wameshikana mikono. Mwaka 1983 bendi ikawa chini ya DDC, lakini jina la Mlimani Park halikuondoka. Wazazi wetu wengi walichumbiana kwa muziki ule. Kwa hiyo anayesema baa na mapenzi ya kweli haviendi pamoja, aulize kwanza kwa mama yake alikutana wapi na baba.

Siku bumu likitoka

Nirudi kwenye kizazi chetu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Fedha ya kujikimu inayotoka huko, kwa lugha ya chuo, inaitwa bumu. Kila aliyesoma anaijua siku bumu linapotoka. Watu waliokuwa wanakula chipsi kavu wanaagiza nyama kilo nzima, ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili ya kutosha. Anayepiga msuli usiku na mchana kwenye vimbweta anaonekana baa. Hata aliyekuwa na hofu ya kudisko anacheka.

Wiki ya sita je? Soda moja, mirija miwili.

Mnaona uzuri uliofichika hapo? Wote wawili mlikuwa mnajua kilichomo mfukoni mwa mwenzako, kwa sababu mlikuwa mnasubiri bumu moja. Akisema "sina," hujiulizi kama anakudanganya. Ukisema "leo nalipa mimi," hakuna aliyeumia. Mlikuwa hamjui, lakini pale mezani mlikuwa mnafanya kikao cha fedha kila wiki, tena kwa kicheko.

Sasa mtazame watu hao hao miaka kumi baadaye. Wana kazi nzuri, kila mmoja na mshahara wake, kila mmoja na namba yake ya siri kwenye simu. Yeye hajui wewe unalipwa kiasi gani hasa. Wewe hujui ile mikopo yake imefikia wapi. Mnaishi chumba kimoja, lakini habari za fedha mnazisikia kwa bahati mbaya tu, meseji ya benki inapoingia na mwenye simu yuko bafuni.

Kiti cha mwanamke

Sasa tuulize, kwa nini kiti kinachopotea ni cha mwanamke?

Kwa sababu hakikuwa imara tangu mwanzo. Wanaosoma leo huenda hawajui kwamba Mlimani kulikuwa na kundi la wanafunzi lililojiita Mzee Punch, lililokuwa likibandika ukutani michoro na maneno ya kudhalilisha watu, hasa wasichana waliokataa kutongozwa. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kusumbuliwa na kundi hilo. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu kianzishwe, kilipaza sauti, na kundi likapigwa marufuku. Kosa la yule binti lilikuwa ni kusema hapana.

Mambo yamebadilika, lakini hayajabadilika yote. Msichana akikaa baa na mpenzi wake, ni "shemeji." Akikaa na wasichana wenzake, kuna mtu meza ya tatu anatuma ofa asiyoombwa, na akiipokea, mtumaji anahesabu deni. Akiolewa, ndiyo kabisa: "Mke wa mtu baa anatafuta nini?" Wifi anauliza, jirani anauliza, na wakati mwingine mume mwenyewe, yule yule aliyekuwa anamvutia kiti pale Changanyikeni, naye anauliza.

Na yupo mwanamke mwingine ambaye hatumwoni: mhudumu. Anasimama tangu mchana hadi usiku wa manane, anabeba chupa nane kwa mikono miwili, anaitwa kwa kupigiwa mluzi, na chupa ikipotea anakatwa yeye. Ukitaka kujua tabia ya mchumba wako, usiangalie anavyokutazama wewe wakati bia ni ya kwanza. Angalia anavyomsemesha mhudumu wakati bili imekuja na ina kasoro. Huo ndio ushauri bora ambao mama mmoja mwenye baa aliwahi kunipa, na sijawahi kuuona umeandikwa kwenye kitabu cha ndoa.

Aliyejua kabla yangu

Hapa niseme la kwangu, maana mhariri naye ni mke wa mtu.

Mimi na mume wangu tulianzia meza ya namna hiyo. Nilikuwa mwaka wa pili nasoma mawasiliano ya umma, yeye anamalizia uhandisi. Tulipooana tuliendelea kwenda pamoja karibu kila Alhamisi. Nilipojifungua mtoto wa kwanza nikachukua likizo yangu ya siku 84, na Alhamisi zikasimama, jambo la kawaida. Likizo ikaisha, nikarudi kazini, lakini Alhamisi hazikurudi. Yeye alikuwa anapitia pale saa moja moja, anarudi salama, halewi, hana fujo. Sikuwa na malalamiko.

Mtoto alipofika miezi saba, jioni moja ya Jumamosi nilipita pale kuchukua mishkaki. Mhudumu aliyetufahamu siku nyingi akaja kunisalimia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, poleni sana. Kaka alitusimulia kuhusu kazi. Mungu atafungua mlango mwingine."

Nikaitikia, "Asante mdogo wangu, tumeshapoa." Nikalipa, nikaondoka. Nilikuwa sijui anaongea habari gani.

Usiku nikamuuliza. Mkataba wake kazini ulikuwa umeisha na haukuongezwa, wiki tatu nyuma. Wiki tatu! Kila asubuhi alikuwa anavaa shati lililopigwa pasi, ananiaga, anakwenda kukaa ofisini kwa rafiki yake Mwenge kutuma maombi ya kazi. Mhudumu alijua, mchoma nyama alijua. Mzee mmoja fundi wa magari anayekaa kona ile ile kila siku, naye alijua na alikuwa ameshamtafutia mtu wa kuonana naye. Mimi ninayelala naye kitanda kimoja ndiye niliyekuwa wa mwisho.

Sitawadanganya, niliumia. Kama angekuwa na mwanamke mwingine, ningejua pa kuanzia kugomba. Hapa nigombe na nani, na viti vya plastiki?

Nilimuuliza swali moja tu: kwa nini wao na si mimi? Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanijibu, "Mama, sikupanga kuwaambia. Nilikaa tu pale, hakuna aliyeniuliza kitu, maneno yakatoka yenyewe. Hapa nyumbani kila nikifungua mdomo, mtoto analia, au simu yako ya ofisini inaita, au gesi imeisha. Na wewe ndiye niliyekuwa naogopa uso wako."

Jibu lile nimelikumbuka miaka yote. Nimelisikia tena, kwa maneno mengine, kwa wanaume na wanawake wengi wanaoniandikia.

Kinachopatikana pale

Mpenzi msomaji, mwenzako akikimbilia baa, usidhani kila mara anafuata bia. Bia ipo dukani, angeweza kuinywa sebuleni. Anafuata saa moja ambayo hakuna anayemdai kitu. Meza ya baa ina sifa ambayo meza zetu za nyumbani zimeikosa: ukikaa, umekaa. Hakuna vyombo vya kuosha, hakuna daftari la mtoto la kusaini, hakuna televisheni inayowatazama. Mnakaa uso kwa uso, na kuna kitu mkononi cha kuchezea wakati neno gumu linatafuta njia.

Mlipokuwa chuo mlikuwa nayo saa hiyo bure. Mlidhani ni mapenzi yanaongea, kumbe nusu yake ni muda. Ndoa ilipokuja hamkupoteza mapenzi. Mlipoteza saa. Mmoja wenu akaenda kuitafuta kule kule alikoiacha, na mwingine akabaki bila.

Na huyo aliyebaki, jamani, naye anahitaji saa yake! Mara nyingi tunasahau. Tunasema "mwanaume anahitaji kupumzika," kana kwamba mwanamke aliyetoka ofisini saa kumi na moja, akapigana na daladala hadi Makongo, akapika na kuogesha mtoto, yeye hachoki. Usipompa kiti mezani, atatafuta pa kusemea. Atasema kwa dada yake, kwa mwenzake wa ofisini, kwa mtu anayemjibu meseji upesi. Nyumba nyingi huanza kuvuja hapo.

Lakini tusidanganyane

Sisemi kila ugomvi wa baa ni ugomvi wa kiti. Kama mwenzako akinywa anapiga, au ada ya mtoto inaishia kaunta, au asubuhi hawezi kuamka bila kuzimua, hilo si suala la kumfuata ukae naye. Hilo ni tatizo la pombe au la ukatili, na linahitaji daktari, dawati la jinsia pale polisi, na watu wazima wa familia wasiooneana aibu. Usiende kukaa meza moja na mtu anayekutisha.

Na kama dini yako au afya yako hairuhusu, hakuna anayekulazimisha uingie baa. Saa ninayoisema inapatikana kwa muuza kahawa, kwenye mihogo ya Coco Beach, hata kwenye benchi la mbao nje ya duka la Mangi. Cha muhimu ni viti viwili na hakuna anayewadai kitu.

Kurudisha kiti: mambo matano

1. Chagueni siku moja, na iwe ndogo. Msisubiri maadhimisho ya ndoa na hoteli ya kifahari. Siku moja ya wiki, saa moja na nusu, mtaani kwenu. Sisi tulirudisha Alhamisi. Dada anayetusaidia anakaa na mtoto, na analipwa kwa muda huo. Msimfanyishe bure halafu mkaita mapenzi.

2. Simu mfukoni. Zote mbili. Mkiziweka mezani, mmealika watu mia tatu kwenye kikao cha watu wawili.

3. Anzeni na fedha, malizieni na umbea. Mkianza na umbea, fedha hamtaifikia. Dakika kumi tu: kimeingia nini, kimetoka nini, tunaogopa nini mwezi huu. Kama zile siku za soda moja na mirija miwili.

4. Bili ilipwe kwa zamu. Leo wewe, wiki ijayo yeye, hata kama mishahara haifanani. Anayelipa kila siku ataanza kujiona mwenye meza, na mwenye meza ndiye anayeamua kuondoka saa ngapi. Na mwachieni mhudumu chenji.

5. Amueni njia ya kurudi kabla ya kuagiza. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, lakini wewe usipige hesabu za damu ukiwa baa. Anayeendesha anywe soda, au gari libaki nyumbani mrudi na bajaji.

Mume wangu alipata kazi nyingine baada ya miezi minne. Katika miezi hiyo tulihesabu kila shilingi, tukahamia nyumba ya kodi ndogo, na kuna Alhamisi tulizokunywa maji. Lakini hakuna siku ambayo mhudumu alijua jambo la nyumbani kwangu kabla yangu.

Kwa hiyo Ijumaa hii, mwenzako akichukua funguo na kusema "napita mara moja pale," usinune na usimzibie njia. Mwambie akusubiri dakika tano uvae viatu. Na wewe unayechukua funguo, ukiona mwenzako anavaa viatu, usiulize anakwenda wapi. Mvutie kiti.